Anayesomea haki jinai hasomei uaskari

Mpaka mwanzoni mwa 2023, "haki jinai", yaani mfumo mzima wa kushughulikia uhalifu kuanzia upelelezi hadi gerezani, lilikuwa neno la mawakili na mahakimu. Januari mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, mwenyekiti wake Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ilipokabidhiwa Julai, neno lenyewe lilishaingia vijiwe vya kahawa na ndani ya daladala. Yaliyovuma zaidi ni ya polisi: kwamba jeshi lifumuliwe na kusukwa upya, kwamba upelelezi upewe chombo chake huru. Tangu hapo, kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na dirisha la udahili likafunguliwa, wapo vijana wa HGL na HKL, tahasusi za historia na lugha, wanaotaka kusomea fani hiyo, na wapo wazazi wanaowakatalia. Wasikilize vizuri, utagundua wanagombania kitu ambacho wote wamekielewa vibaya. Kijana anaamini shahada ya haki jinai itamwingiza polisi akiwa na nyota begani. Mzazi anaamini hivyo hivyo, ila yeye hataki.

Hoja yangu ni kwamba fani hii ina kazi nyingi na nzito, lakini sehemu kubwa ya kazi hiyo haina sare wala bunduki. Ipo kwenye majalada: kati ya kituo cha polisi na hukumu, halafu kati ya lango la gereza na nyumbani kwa mfungwa. Na kinachomkwamisha mhitimu si kwamba kazi hiyo haipo. Mara nyingi ipo, ila kwenye tangazo la ajira imeandikwa kwa jina la taaluma ya mwenzake.

Tuanze na fani yenyewe, maana hata mahali inaposomewa panachanganya. Jirani zetu Kenya wana shahada za kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu, kwenye vyuo kadhaa, Egerton kikiwemo, na mtoto akitaka anaijaza fomu kwa jina hilo. Huku kwetu ukiitafuta utaikuta imekatwa vipande. Kipande cha sheria kiko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha sheria kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, na kwenye vyuo vilivyofuata. Kipande cha mahakama kiko Lushoto, kwenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Polisi wana chuo chao cha taaluma Kurasini, Magereza wana chao Ukonga, na habari za familia, mtoto na jamii ziko Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama. Sosholojia inagusa uhalifu kwa somo moja au mawili kisha inaendelea na safari yake. Kwa hiyo anayesema anataka kusomea haki jinai anasema, bila kujua, kwamba anataka kuvishona vipande ambavyo taasisi zetu zimevizoea vikiwa mbalimbali. Ndiyo maana hata mshauri wa shuleni hupata kigugumizi akiulizwa.

Kwa nini vishonwe? Nenda mahakama yoyote ya wilaya asubuhi ya Jumatatu, ukae benchi la nyuma. Nimefanya hivyo mara kadhaa kwa sababu za kazi. Karandinga linaingia, mahabusu wanashuka wawili wawili, kesi inaitwa. Mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, shauri limekuja kwa ajili ya kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine." Hakimu anaangalia kalenda, anataja tarehe ya wiki mbili mbele, mshtakiwa anageuka kumtafuta mtu wake kwenye mabenchi, basi. Ukihesabu kwa saa, hazifiki dakika tatu. Sentensi hiyo wananchi wameizoea mpaka imekuwa mzaha mtaani. Fundi akichelewesha kabati lako naye anakwambia upelelezi haujakamilika. Bunge lenyewe lilionyesha kuchoshwa nayo: mwaka 2022 lilirekebisha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ili, ukitoa makosa makubwa, mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika.

Lakini sentensi hiyo ina tumbo, na tumboni humo ndimo fani ilimo. Upelelezi usiokamilika unaweza kuwa unasubiri majibu ya sampuli kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Unaweza kuwa unasubiri kampuni ya simu itoe orodha ya miamala, au PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, irudi kutoka hospitali ikiwa imejazwa na daktari ambaye ameshahamia mkoa mwingine. Shahidi alipanga chumba, kodi imeisha, hayupo tena mtaa ule na namba yake haipatikani. Jalada limepelekwa kwa wakili wa Serikali, limerudi na maelekezo, mpelelezi aliyekuwa nalo amehamishwa, aliyelipokea ana mengine mezani. Hakuna hata kimoja hapo kinachotatuliwa kwa kukimbiza mtu au kumfunga pingu. Vyote vinahitaji mtu anayejua jinsi taasisi tano zinavyopokezana karatasi moja, na anayeona karatasi hiyo inakwama wapi. Mwanasheria anafundishwa kuibishia karatasi ikishafika mahakamani, na askari anafundishwa kuianzisha. Katikati hapo pana pengo refu.

Anayedhani natia chumvi kuhusu karatasi aisome hukumu ya Mahakama ya Rufani, Dodoma, katika rufaa ya jinai Na. 110 ya 2007. Ndiyo inayotajwa kila mara mawakili wanapobishana juu ya mnyororo wa utunzaji wa vielelezo. Majaji walisema, kwa ufupi, kwamba kielelezo kiandamane na maandishi yanayoonyesha kwa mfuatano nani alikikamata, nani alikitunza, kilihamishwa kwenda kwa nani, nani alikichunguza na hatima yake ikawa nini. Pima sasa uzito wake kwenye kesi ya dawa za kulevya. Askari amefanya kazi ya hatari usiku, amekamata kweli, mzigo ni wenyewe kweli. Lakini kati ya kituo na maabara, bahasha ilikaa siku mbili kwenye kabati ambalo hakuna aliyeandika ufunguo ulikuwa kwa nani. Wakili wa utetezi hahitaji kuthibitisha kwamba mzigo ulibadilishwa. Kwake inatosha kuuliza ulikuwa wapi. Kesi inaanguka, mtaa unasema hakimu kala hela. Msomi wa haki jinai aliyepikwa vizuri ndiye wa kusimamia kabati lile: mtu wa stoo ya vielelezo, mtu wa daftari. Haina picha nzuri ya kuweka kwenye tangazo la chuo, nakubali.

Na kwamba dola inaweza kuichukua kazi ya askari na kuipa taaluma nyingine, hilo si ndoto. Imeshatokea. Kwa miongo mingi aliyesimama mahakama ya wilaya kuendesha mashtaka alikuwa polisi, mara nyingi ni mwenzake yule yule aliyepeleleza kesi. Sheria ya Taifa ya Mashtaka ya 2008 ikaanza kuiondoa kazi hiyo mikononi mwao, wakaanza kuingia mawakili wa Serikali, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake. Mwaka uliofuata sheria ikaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, kazi ambayo bila kujua kuupima ushahidi huwezi kuifanya. Mabadiliko hayo yalizalisha ajira za wasomi pale ambapo kabla yake palikuwa pa afande. Shida ni kwamba mlango ule uliandikwa "shahada ya sheria" na hakuna kingine. Na mlango wa sheria nao tumeona ulivyo mwembamba kule juu: mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, anakopita mhitimu wa sheria ili awe wakili, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kelele zilizofuata zilikuwa juu ya nani alaumiwe, vyuo au Shule. Sikusikia wengi wakiuliza swali lililonishika mimi: hivi kila anayependa kesi za jinai lazima awe wakili?

Sehemu inayonifanya niitetee fani hii kwa nguvu zaidi iko mbali na mahakama. Tanzania ina sheria ya uangalizi wa wakosaji, yaani probesheni, tangu enzi ya Mwingereza. Ina Sheria ya Bodi za Parole ya 1994, ya kumtoa mfungwa kwa masharti kabla kifungo chake hakijaisha. Ina Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, inayomruhusu hakimu kumpa mtu aliyestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu kazi ya umma isiyo na malipo badala ya gereza: apande miti shuleni, afyeke majani ya zahanati, jioni alale kwake. Kwa sheria, tumekamilika. Sasa angalia kinachohitajika ili hakimu athubutu kuitumia. Anahitaji taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Lazima afisa aende mtaani kwa mshtakiwa, akae na mwenyekiti wa mtaa, amsikilize mke bila mume kuwepo, amtembelee na mlalamikaji aliyeibiwa cherehani amuulize kama ataweza kuvumilia kumwona huyu bwana akifagia mtaa ule ule. Ajue kama kijana anaiba kwa njaa, kwa unga au kwa genge. Kisha arudi aandike kurasa mbili ambazo hakimu atazisoma akiwa na rundo la majalada mengine. Kurasa hizo zikikosekana, hakimu mwangalifu atafanya nini? Atampeleka gerezani, maana gereza halihitaji taarifa ya mtu. Msongamano wa magereza tunaoulalamikia kila mwaka kwa sehemu yake unatengenezwa hapo, kwenye kurasa mbili ambazo hazikuandikwa.

Na kurasa hizo ni kazi ya kitaaluma. Kuna elimu ya namna ya kukadiria kama mtu atarudia kosa, namna ya kuhoji familia bila kuigombanisha, na namna ya kumwandikia hakimu bila kumtungia hukumu. Kenya, baada ya Mahakama ya Juu kuondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji Desemba 2017, majaji walijikuta wakihitaji kumjua mtu kabla ya kumpa adhabu, jambo ambalo zamani sheria iliwaondolea kwa kuwaandikia adhabu moja tu. Ukimpa jaji uhuru wa kuchagua adhabu, unazalisha papo hapo hitaji la mtu wa kumwelimisha juu ya anayeadhibiwa. Hilo nalo ni soko la ajira, ingawa hakuna anayeliita hivyo.

Nje ya serikali nako kuna milango, na kusema kweli huko ndiko ningemwelekeza kwanza kijana mwenye haraka. Kila mwenye simu nchi hii ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Nyuma yake kuna laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, mawakala, na fedha inayohama akaunti nne kabla ya saa moja kuisha. Kampuni za simu na benki zinahitaji watu wa kuisoma mienendo hiyo, na sheria ya kudhibiti utakatishaji fedha ya 2006 inawalazimu watoa huduma za fedha kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Nchi ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Oktoba 2022, mpaka ikaondolewa Juni 2025, kazi hizi zilitoka chumba cha nyuma zikaingia vikao vya wakurugenzi. Arusha nayo iliwahi kutupa darasa la miaka ishirini. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994 na kufungwa Desemba 2015, iliwafungulia mashtaka watu 93. Lakini mahakama ile haikuwa majaji na mawakili tu. Kulikuwa na wapelelezi, wachambuzi, wakalimani, watu wa kuwatunza mashahidi wasiumizwe wala wasivunjike moyo, na watunza kumbukumbu ambao kazi yao imeendelea pale Lakilaki hata baada ya majaji kufunga virago. Ukiihesabu mahakama ile kwa vyeo vyake vyote, unapata ramani nzuri ya ajira za haki jinai kuliko kijitabu chochote cha udahili nilichowahi kukishika.

Sasa wapinzani. Wapo wanaosema uhalifu hausomwi darasani: mwizi ni mwizi, askari mzoefu anamnusa, na kumpa mtoto miaka mitatu ya nadharia ni kumchelewesha. Hii ndiyo hoja nyepesi kuliko zote na ndiyo inayorudiwa zaidi. Pua ya askari mzoefu siibezi. Ila pua haiingii mahakamani kama kielelezo. Mzoefu asiyeandika ndiye huyo ambaye kesi zake zinakufa kwenye mnyororo nilioueleza. Isitoshe, uzoefu unafundisha vizuri namna ya kumkamata mtu. Haufundishi kwa nini mtaa mmoja una vibaka na wa pili yake hauna, au kwa nini aliyetoka gerezani jana amerudi leo. Hayo yanahitaji mtu wa kukaa na takwimu na kuuliza maswali ambayo askari wa zamu hana muda nayo, wala si haki kumdai.

Lakini upande wangu nao una hoja mbovu, na bora niiseme mwenyewe. Ni ile ya baadhi ya vyuo: uhalifu unaongezeka, kwa hiyo ajira hazitakosekana. Nimeona vipeperushi vya aina hiyo, vina picha ya pingu na kioo cha kukuzia, kana kwamba mhitimu atapewa kofia na kiko kama mpelelezi wa kwenye riwaya. Ajira ya serikali haitoki kwa mwizi, inatoka kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa. Wezi wakiongezeka mara mbili na kibali cha ajira kisipotoka, kitakachoongezeka ni majalada kwenye meza zile zile. Anayemuuzia mtoto shahada kwa hofu ya uhalifu anamwibia naye.

Hoja nzito ya wapinzani ni nyingine, na hii sina jibu la kuimaliza. Fungua mfumo wa maombi ya kazi wa Sekretarieti ya Ajira, usome sifa za mwombaji. Utakutana na "shahada ya sheria", "shahada ya ustawi wa jamii", "sosholojia", "kemia". Kijana mwenye cheti kinachosema haki jinai anasoma hadi chini akitafuta "au fani inayolingana", na kama maneno hayo hayapo, mfumo unamchuja kabla binadamu hajamwona. Polisi na Magereza nako wana taratibu zao: umri, afya, mafunzo ya awali, na shahada huwa sifa moja katika nyingi. Mpwa wangu aliniuliza mwaka juzi, "Mjomba, nikimaliza nitaitwa nani?" Nilichelewa kumjibu. Mwenzake wa sheria ataitwa mwanasheria, wa ustawi ataitwa afisa ustawi, hata wa uhasibu ana jina. Katika utumishi wa umma, taaluma isiyo na jina kwenye muundo ni kama mgeni asiye na mwenyeji: hata akiwa na zawadi mkononi, atasimama mlangoni.

Kutokana na hilo, ninachowaambia wanaoniuliza si "soma" wala "usisome". Anayeipenda fani hii aingie kwa kipande chenye jina, sheria, ustawi wa jamii, kemia au kompyuta, kisha ashone vipande vingine juu yake kwa masomo ya kuchagua, kwa mafunzo kwa vitendo, au kwa shahada ya pili. Mtaalamu wa kompyuta anayejua kanuni za ushahidi ana thamani kuliko mtaalamu wa kompyuta peke yake. Afisa ustawi anayejua sheria ya mtoto ya 2009 na anayeweza kuandika zile kurasa mbili zikasomeka, huyo hakimu atamkumbuka kwa jina. Anayekwenda Kenya au kwingineko kuchukua shahada yenye jina kamili aende akijua kwamba akirudi atalazimika kujieleza zaidi kuliko wenzake. Vyuo vyetu vinavyofikiria kuanzisha programu hizi navyo vianzie kwa mwajiri kabla ya kuanzia kwa mwanafunzi: vikae na Ofisi ya Mashtaka, na watu wa probesheni, na Mkemia Mkuu, viulize kabati lipi halina mtu.

Na kwa wanaoyafuatilia mapendekezo ya Tume kwa kubishana kama polisi waitwe jeshi au huduma, mimi macho yangu yako kwingine. Chombo huru cha upelelezi, kikijazwa maafisa wale wale kwa sifa zile zile, kitakuwa jengo jipya lenye majalada ya zamani. Siku tangazo lake la kwanza la ajira litakapotoka, nitaruka aya zote za juu na kwenda moja kwa moja kwenye mstari wa sifa za mwombaji.